Meli Mpya Isigharimu Mapafu ya Mfanyakazi

Mwezi Februari 2023, meli ya MV Mwanza ilipoteremshwa majini katika Ziwa Victoria, wananchi wa Kanda ya Ziwa walishangilia, nao walikuwa na haki. Meli iliyoundwa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400 si jambo dogo. Lakini katika shangwe za namna hii yuko mtu ambaye kwa kawaida husahauliwa: yule anayechomelea mabamba, anayekwangua kutu na kupaka rangi ndani ya tumbo la meli. Leo tunamzungumzia mtu huyo, wala si wa karakana moja, bali wa kila chelezo katika maziwa yetu na pwani yetu.

Hatari za chelezoni ni za namna mbili. Zipo zinazoonekana, kama vile kuanguka au kuangukiwa na chuma, na hizo kila mtu huziogopa. Zipo nyingine zisizo na kishindo. Moshi wa kuchomelea ulitiwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Vumbi la rangi kuukuu yenye madini ya risasi huingia katika damu. Vumbi la mchanga unaotumiwa kusugulia chuma hukaa mapafuni na kuyafanya magumu. Meli za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo kanuni za kimataifa zilikataza isiwekwe tena melini tangu Januari 2011. Maradhi yake huweza kujitokeza baada ya miaka 30 au 40, mfanyakazi akiwa mzee aliyekwisha kustaafu.

Tena vipo viumbe visivyoonekana kwa macho. Anayesimama ziwani akisukuma chombo huweza kupata kichocho. Mkojo wa panya huleta homa ya mgunda. Maji machafu yaliyooza chini ya sakafu ya meli hutoa hewa ya sumu, na kutu ndani ya tangi lililofungwa hula oksijeni. Mtu mmoja huingia akaanguka. Mwenzake hukimbilia kumwokoa, naye akaanguka juu yake.

Dhidi ya hayo yote, kinga iliyozoeleka ni kitambaa puani na pakiti ya maziwa baada ya kazi. Tunasema wazi: maziwa ni chakula kizuri, lakini hayasafishi mapafu wala hayaondoi risasi katika damu. Kumpa mfanyakazi maziwa badala ya kinga ni kumdanganya.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara awakinge watu wake na kuwapima afya. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua maradhi yatokanayo na kazi. Lakini kibarua wa siku tatu, asiye na mkataba wala cheti cha kupimwa, atathibitisha nini miaka 20 baadaye? Hapo ndipo haki yake inapopotelea.

Kwa hiyo hapana budi mambo yafuatwe kwa utaratibu. Kwanza, kitu cha sumu kiondolewe au kibadilishwe. Pili, hewa ya tangi ipimwe na kupepewa kabla mtu hajaingia. Tatu, ndipo ije barakoa inayofaa kwa kazi yenyewe. Na kibarua aandikwe na kupimwa sawa na mwajiriwa wa kudumu. Wakaguzi wasiishie ofisini kwa meneja. Washuke ndani ya tangi. Vyama vya wafanyakazi navyo visingoje msiba ndipo vipaze sauti.

Afya ya mfanyakazi ni amana mikononi mwa anayemtuma kazi. Kila meli inapoteremshwa majini, na tuulize pia: walioiunda wako wapi, na wanapumuaje?