Uzito Pekee Hautulizi Mashua

Makala iliyochapwa juzi ilishauri kila mashua ya abiria inayotoka Muhuru au Sori, kwenye Ziwa Victoria, ibebe magunia ya mchanga popote penye nafasi, ili itulie mawimbini. Ushauri huo ni hatari, na sitaunyamazia.

Farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, hufaa kulingana na mahali ilipowekwa. Gunia likilala chini kabisa, katikati, juu ya mkuku, na likafungwa, litasaidia. Likirundikwa tezi, omo huinuka na nyuma huzama. Likiegemea ubavu, mashua hulala. Marekani wapo wanaofanya hivyo makusudi: hujaza mifuko ya maji tezini na ubavuni, boti ilalie upande mmoja na kuvuta wimbi kubwa la kutelezea kwa ubao. Huo ni mchezo. Sisi tuna mashua za mbao zilizojaa akina mama na samaki.

Tena mwandishi hakugusa ukingo, yaani sehemu ya ubavu inayobaki juu ya maji. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1,600. Ukiipakia bila kupunguza abiria, ubao unaobaki juu ya maji unakuwa upana wa kiganja tu, na maji yakiingia, mchanga hauelei.

Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimejaa kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walikufa. Mchimbaji dhahabu wa Masara anayeteremka ziwani kuvuka hahitaji mchanga. Anahitaji nahodha anayekataa abiria wa ziada, mizigo iliyofungwa chini, na jaketi la kuokolea mwilini mwake kabla injini haijawashwa.