Utafiti Huanza na Daftari
Jamani, tusidhani utafiti wa hospitali ni lazima maabara na mamilioni. Daftari tu linatosha kuanzia. Sweden ilianza 1979 kuandika kila nyonga bandia inayowekwa: aina gani, na kama ilibidi ibadilishwe. England na Wales zikafuata 2003, na daftari lao likasaidia kufichua ubovu wa nyonga za ASR, zilizoondolewa sokoni 2010. Malawi, ambayo haituzidi utajiri, ilianza 2005.

Kwetu vijana wa bodaboda wanatiwa vyuma miguuni kila leo. Chuma kikivunjika, mhandisi kama mimi nitajuaje kosa ni la chuma, la upasuaji, au mgonjwa kakanyagia mapema? Bila kumbukumbu tunabahatisha tu. Ninyi mnaosomea udaktari, mkirudi nyumbani andikeni. Sisi wa hesabu tupo.