NANI KAGUSA MTAMBO? DAFTARI LISEME!

Ndugu kijana, uwe umetoka Kerenge ukatua Korogwe mjini, au umefika hadi Dar es Salaam, hili linakuhusu. Kijijini mtu akisogeza mpaka wa shamba usiku, wazee wanaitwa, majirani wanatoa ushahidi, mpaka unarudi ulipokuwa. Je, kwenye kompyuta za ofisi unazozilinda, shahidi ni nani?

Tusidanganyane. Mtambo wa Linux unaongozwa na faili za maandishi zilizomo katika folda ya /etc. Humo ndimo huandikwa nani aingie na nani azuiwe. Mstari mmoja ukiguswa vibaya, ofisi nzima inasimama. Ukiuliza, kila mtu "si mimi!" Kigogo analindwa, kibarua anafukuzwa. Mpaka lini?

Dawa ipo, tena ya bure. Mwaka 2005 Linus Torvalds alitengeneza Git, daftari la kutunza kila badiliko: nani, lini, kipi kimefutwa, kipi kimeongezwa. Joey Hess naye akaunda etckeeper, inayoweka daftari hilo ndani ya /etc na kuandika yenyewe kila programu mpya inapoingizwa. Balaa likitokea, unarudisha faili ya jana.

Unadhani haya ni ya mafundi tu? Tazama Kenya! Baada ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017, Mahakama ya Juu iliamuru Tume ya Uchaguzi ifungue mitambo yake ikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta matokeo ya urais, na kugoma huko kufungua mitambo kukahesabiwa dhidi ya Tume. Kumbukumbu iliyofichwa nayo ni ushahidi.

Lakini angalia usipigwe changa la macho. Mkiingia wote kwa jina moja la root, daftari litataja jina moja tu. Kila mtu aingie kwa jina lake. Tena historia ya Git inaweza kuchakachuliwa na mwenye mamlaka yote, kwa hiyo nakala ikae kwenye mtambo mwingine, mikononi mwa mtu mwingine. Na isianikwe hadharani, maana /etc ina siri za kuingilia.

Kesho ukifika kazini, dai daftari. Atakayelipinga, muulize mbele ya watu: anaogopa liandike nini?