Banjo haikuzaliwa milimani

Ndugu mwandishi, katika makala yako jioni ya watunzi wa milima ya Appalachia, Marekani, umeisimulia vizuri, ila banjo umeipita mbio. Asili yake ni Afrika Magharibi. Ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliotiwa utumwani, milimani ikafika baadaye. Na mchango wa weusi hauishii kwenye banjo: hata A.P. Carter wa kundi la Carter Family, waliorekodi Bristol mwaka 1927, alizunguka kusaka nyimbo akiwa na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi. Carter aliandika maneno, Riddle akahifadhi mahadhi kichwani. (Sifa alipata nani? Carter.) Na Hazel Dickens wa West Virginia, aliyewaimbia wachimba makaa ya mawe walioharibiwa mapafu na vumbi, hastahili kupewa nusu sentensi tu. Waandaaji wa jioni hiyo, safari ijayo watajeni hawa jukwaani.