Msikilizaji Amepata Mdomo

Ndugu zangu wa Mokambo, na ninyi wa Lubumbashi mnaotupigia simu kila mnaposikia neno "mpaka", naomba turudi kidogo Agosti 2024. Tarehe 10 mwezi ule Zambia ilitangaza kufunga kwa muda mipaka mitatu baina yake na Kongo: Kasumbalesa, Sakania na huu wetu. Ulikuwa ugomvi wa biashara, baada ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi vya Zambia. Siku chache baadaye mipaka ikafunguliwa. Lakini ndani ya siku zile chache nilijiona mwenyewe nilivyo, na sikupendezwa.

Nilikuwa mbele ya duka la mama mmoja auzaye bunga. Simu yake ilikuwa imelala juu ya gunia, inatoa sauti ya mwanamume tusiyemjua, mwenye kikohozi, akiapa kwamba unga hautavuka tena hadi Krismasi. Mwaka ule ukame ulikuwa umeunguza mahindi ya Zambia hata serikali yao ikautangaza kuwa janga la taifa mwezi Februari, kwa hiyo maneno yale yaliangukia majani makavu. Tulisimama watu wanne. Hakuna aliyeuliza yule bwana ni nani. Kila mmoja alitoa simu yake, akaomba arushiwe, akairusha mbele: Likasi, Lubumbashi, Kipushi. Nami nilirusha, sijitoi. Na kutoka dukani pale hadi barieri ni mwendo wa kumaliza ndizi moja.

Dakika mbili hazijapita, dada yangu mdogo aliye komini ya Kenya, Lubumbashi, akaniandikia maneno manne: "Yaya, unaona ao unasikia?"

Ndugu, swali lile lilinichoma, maana lilikuwa la haki. Zamani redio ilisema nasi tukasikiliza. Ikikosea, ulichoweza ni kusonya na kugeuza stesheni. Kosa lilikuwa la mtangazaji, wewe ulikuwa mkavu kama jiwe la mtoni wakati wa kiangazi. Leo simu imempa msikilizaji mdomo. Anaweza kujibu, kuuliza, kusahihisha, kuonyesha picha ya alipo. Sisi tumeupokea mdomo huo, tukaukataa mzigo unaokuja nao. Tunatangaza kama redio, kisha tukiulizwa tunajibu kama wasikilizaji: "Mi nilitumiwa tu."

Wala tusidanganyane kwamba watu wa Katanga walianza kusema na wasemaji juzi, na WhatsApp. Wazee wanalikumbuka kundi la Mufwankolo, maigizo yake ya Kiswahili chetu cha mjini, redioni na kwenye televisheni. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwauliza waigizaji wale maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Hawakumpa jibu la mkato. Walikaa wakabishana, wakatunga igizo zima bila kitabu cha maneno, wakaenda kulicheza kijijini Kawama, wanakijiji wakiwa papo hapo. Swali la mtu mmoja likazaa kazi ya watu wengi. Na mjini, ni nani asiyewajua wabunge wa kusimama, wale wanaozunguka magazeti ya muuzaji njiani, wananunua moja wanasoma kumi? Pale kila mtu alisema, tena kwa kelele. Lakini alisema uso ukiwa wazi. Ukileta habari ya uongo, jirani yako aliyekukanyaga kidole angekuuliza umeitoa wapi, nawe ungejibu au ungeondoka.

Wapo wanaosema dawa ni kuzima. Tumeshazimiwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja tu baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, tukakaa hivyo karibu siku ishirini. Je, uvumi ulikoma? Ulirudi kwa miguu, ukapanda baiskeli, ukasimama sokoni, na safari hii hapakuwa na namna ya kumwuliza mtu aliyekuwepo mahali jambo lilipotokea. (Sijui kwa nini wenye mamlaka hupenda kuziba masikio ya mgonjwa ili apone mguu.)

Ninachowasihi ni kidogo. Sisi wa mpakani ni macho ya jamaa zetu walio mbali. Wao hawana geti la kwenda kulitazama. Basi unapotuma sauti, taja jina lako, taja umesimama wapi na ni saa ngapi, sema uliloliona, na usiloliona useme hujaliona. Na wewe unayepokea, usiogope kuonekana mjuaji. Uliza. Hata kama aliyetuma ni mjomba, hata kama ni mchungaji wako. Kuna adabu ya kuuliza, na lugha yetu inayo maneno yake tele. Vijana, mega mnazinunua kwa jasho, tena zinakwisha haraka kuliko sabuni. Msizichome kwa kubeba kikohozi cha mtu msiyemjua.

Mimi siku ile niliona haya. Niliifuta sauti ile kila nilikoipeleka, nikatembea hadi barieri, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. "Ni mimi yaya wako. Niko barieri ya Mokambo, saa tisa na robo. Geti limefungwa, minaona na macho yangu. Itafunguliwa lini, hapa hakuna anayejua. Dukani kwa mama kuna magunia saba ya bunga, nimeyahesabu."

Jibu lake lilikuja na sauti ya sufuria nyuma: "Aksanti, yaya. Basi nisikimbie soko, nisonge bukari."