RecA na dawa za kununua kidogokidogo

Mwandishi, umeipita haraka sehemu yenye uzito kuliko zote ya makala yako: namna protini za RecA zinavyoungana. RecA, protini ya bakteria ya kurekebisha DNA iliyoanza kujulikana mwaka 1965, molekuli yake moja peke yake haiponyi chochote. DNA ya bakteria ikikatika na uzi mmoja ukabaki wazi, molekuli za RecA hujipanga juu yake kama shanga, takriban sita kwa kila mzunguko, kila moja ikishika herufi tatu, hadi ukapatikana mkufu mrefu uliojisokota. Mkufu huo ndio unaotafuta nakala nzima ya kurekebishia.

Tena mkufu huohuo hutoa ishara ya hatari. LexA, protini inayozizuia jeni za dharura, ikiugusa hujikata yenyewe. Jeni hizo hufunguka, zikiwemo za vimeng'enya vinavyonakili DNA kwa makosa mengi, na baadhi ya makosa huzaa usugu dhidi ya dawa.

Sasa, hapa kwetu Ekero wengi wetu tukishikwa na homa ya matumbo tunameza siprofloksasini, dawa inayoua bakteria kwa kusababisha DNA yao ikatike. Nusu dozi, kama tunaponunua vidonge kidogokidogo, huikata DNA bila kuua bakteria. Yaani inaiamsha RecA na kuwaacha bakteria hai. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba bakteria E. coli yenye LexA isiyoweza kujikata ilishindwa kujenga usugu dhidi ya dawa hiyo ndani ya panya.

Ndugu zangu wa Ekero na Mumias, tupimwe kwanza, na tukiandikiwa dozi tuimalize.