Sailensi ikipanda, usianze na bisibisi

Wiki hii tunaingia chini ya boneti. Wenye mikweche sogeeni karibu, wenye magari mapya zamu yenu itafika tu, magari nayo yanazeeka.

Kuna ugonjwa unawatesa sana wenye Corolla, Carina na Honda za miaka ya 1980 na 1990, zile ambazo mpaka leo bado zinadunda barabarani. Gari imesimama kwenye foleni, mguu hauko kwenye mafuta, lakini injini inanguruma kama inapanda Kitonga. Mshale badala ya kutulia kwenye 800 hivi, uko 1,500. Nyingine ndio vituko kabisa. Inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, utadhani kuna mtoto anachezea pedali. Huo mngurumo wa gari iliyosimama ndio mafundi wetu wanauita sailensi.

Kwa dereva wa teksi hii siyo kelele tu. Jioni bosi anataka hesabu yake, na hesabu yenyewe imeshabaki kituo cha mafuta. Kama gari ni otomatiki ndio kasheshe zaidi, maana ukilegeza breki kidogo inakurukia mbele, na mbele yako pale kwenye zebra kuna mama na mwanawe mgongoni.

Unaenda gereji. Fundi hata hajauliza gari inaumwa nini, bisibisi iko mkononi. Anazungusha skrubu ya sailensi, mngurumo unashuka, unampa chake, unaondoka unapiga mluzi. Kesho asubuhi gari inakuzimikia kila taa nyekundu. Hapo hujatibiwa, bwana. Mwenye malaria kapewa dawa ya kichwa.

Ukiachia pedali, mlango wa hewa unafunga, injini inabaki inavuta pumzi kwenye kijia kidogo kilichopimwa. Sailensi ikipanda, mara nyingi kuna hewa ya ziada inaingia mahali. Muulize fundi wako swali moja tu: hiyo hewa inapita wapi? Akianza longolongo, chukua ufunguo wako.

Kwanza angalia ni saa ngapi inafanya hivyo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, kufika 1,200 au hata 1,500 kwa dakika chache ni afya, ndivyo ilivyoundwa. Ikipata moto inatakiwa ishuke yenyewe. Haishuki? Usikimbilie kununua spea. Subiri gari ipoe kabisa, fungua rejeta uchungulie maji. Narudia, ipoe kabisa, maana maji ya rejeta ya moto hayana urafiki na uso wa mtu. Katika Toyota na Honda nyingi za miaka hiyo kuna kivalvu cha hewa ambacho kinafunga kikipashwa moto na maji ya injini. Maji yakipungua, au kukiwa na hewa imenasa kwenye mipira yake, kivalvu kinadhani bado ni alfajiri na kinaacha mlango wazi. Hapo ndipo ule mchezo wa kupanda na kushuka unapozaliwa. Kontroli boksi inaona umeachia pedali na injini bado inakimbia, inakata mafuta. Mshale unaanguka, mafuta yanarudishwa, mshale unapanda, yanakatwa tena. Jaza maji, toa hewa, wengine wanapona hapo hapo bila kununua hata nati.

Halafu kuna hili la thamostati, ambalo mimi linaniudhi kweli kweli. Mafundi wetu wengi wanaing'oa na kuitupa. "Kwa joto hili la Dar, thamostati ya nini?" Hebu tupige hesabu kidogo. Thamostati nyingi za Toyota hizi zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Joto la Dar, hata Februari ile ya kutoa roho, halifiki 40. Sasa Dar inaisaidiaje injini? Ukiing'oa, maji yanazunguka tangu gari inawashwa, injini inachelewa sana kupata moto, na ukiwa barabara kuu inaweza isiupate kabisa. Sensa inaripoti baridi, kontroli boksi inazidisha mafuta, sailensi inabaki juu. Gari iliyokuwa inachemsha ilihitaji kusafishwa rejeta au kubadilishiwa feni, yeye kaondoa kifaa kizima.

Kama maji yako sawa, sikiliza. Mpira uliopasuka unapiga mluzi, ssss, kama nyoka. Minya mipira ya hewa mmoja mmoja, ukiona sailensi imebadilika umemkamata mwizi. Kwenye gasketi ya manifodi dondoshea maji kidogo, mbali na waya za plagi. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii, hao waombeni wahamie gereji nyingine.

Mpira wa kwenda kwenye buster ya breki usiufanyie masihara. Zima gari, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, shikilia, halafu washa. Pedali lazima izame kidogo. Ikibaki ngumu kama jiwe, basi tatizo lako siyo sailensi tena, ni breki, na aliyekushushia skrubu alikuwa anakufichia. Hapo usiende hata dukani.

Kebo ya mafuta iliyokaza ni kazi ya dakika mbili. Wenye pikapu za kabureta, angalieni choki kama imenasa.

Ukishamaliza yote hayo ndio bisibisi inaruhusiwa. Injini iwe ya moto, taa na eksii vimezimwa, fundi aangalie mshale asitegemee sikio. Na kama skrubu imezungushwa mpaka mwisho na bado injini inanguruma, mrudishe kwenye mipira, kuna mmoja ameuruka.